Somo: Siterne Inatafuta Mzigo, Siye Tunatafuta Gari



Msimu wa ngazi ukifika, bido za mafuta zinajaa ndani ya nyumba, bei inashuka kwenye soko ya Baraka, na kila mtu anatafuta gari ya kufikisha mafuta Uvira. Siku zile zile mwenye gari naye anazunguka parkingi akitafuta mzigo. Anapiga simu, anangoja, mwishowe komisionere anamkutanisha na mwenye mzigo, na anakata yake. Tuone leo namna ya kukutana vizuri, na hatari moja ambayo bei ya chini inaweza kuificha.

1. Kurudi kunalipwa na nani?

Mwenye gari hahesabu kwenda peke yake. Anahesabu mazutu, shofere, matairi na barieri, kwenda na kurudi. Tuchukue mfano: safari yote inamgharimu dola 300, na tanki yake inabeba litre 5.000, ni kusema bido 250 za litre 20. Akirudi tupu, kila bido inabeba dola 1,20 ya gharama, mbele hata hajaweka faida yake. Akipata mzigo wa kurudi unaomlipa dola 150, kila bido inabaki na senti 60 tu.

Ndiyo maana bei inaweza kushuka sana. Lakini mtu akikuambia bei ya chini, usifurahi mbio. Uliza: "Papa, kurudi utabeba nini?"

2. Hatari iko ndani ya tanki

Kamio ya wazi ikifikisha bido zetu Uvira, inaweza kurudi na chumvi, sukari ao simenti. Siterne haiwezi. Mzigo ulio rahisi kupatikana kwa siterne ni mazutu na esansi. Juma linalofuata, tanki ile ile inakuja kupakia mafuta yetu ya kula.

Mabaki kidogo tu yanatosha. Mnunuzi anafungua kifuniko, ananusa, anarudisha mzigo wote. Na kama hakunusa, ni mbaya zaidi: mafuta yanaingia kwenye sahani ya watoto. Hata nchi kubwa zimepata shida hii. Mwaka 2024, huko China, gazeti lilifichua kwamba siterne zilizobeba mafuta ya viwandani zilipakia mafuta ya kula bila kuoshwa, na watu wengi walikasirika.

Codex Alimentarius, tume ya FAO na OMS inayoweka kanuni za chakula, ina mwongozo juu ya jambo hili tangu 1987. Moja ya mambo unayodai ni kujua tanki ilibeba nini katika mizigo mitatu iliyotangulia. Siye pia tunaweza kuuliza hivyo.

3. Mbele ya kupakia

- Kusanyeni mafuta pahali pamoja na mpime. Bido ya litre 20 ina karibu kilo 18. Bido 250 ni tani 4 na nusu. Mwenye gari akijua mzigo uko tayari, hapotezi siku, na ninyi mnapata nguvu ya kuzungumza bei.
- Ulizeni bila haya: "Papa shofere, hii tanki ilibebaka nini mbele?" Fungueni, nuseni, angalieni chini na kwenye robine. Tanki iliyobeba mazutu ao esansi, ikataeni, hata kama wanasema imeoshwa na sabuni.
- Maji yasibaki ndani. Yanaharibu mafuta haraka. Robine ya shaba pia si nzuri, shaba inafanya mafuta yachache upesi.
- Andikeni: litre ngapi, bei, nani analipa barieri, nani anabeba hasara mafuta yakimwagika, nusu gani inalipwa wakati wa kupakia na nusu gani wakati wa kufika. Kila upande ubaki na karatasi yake.
- Wakati wa mvua, pigeni simu kwa watu wa Mboko na Makobola mjue hali ya barabara na usalama mbele gari haijatoka.

4. Gari gani itufae?

Kama koperative ina bido 50 ao 100, kamio ya wazi ndiyo nafuu, juu inapata mzigo wa kurudi. Siterne inafaa pale koperative kadhaa zinapoungana, zikapatana na mwenye gari mmoja kwamba tanki yake itabeba mafuta ya kula peke yake, kwa siku zinazojulikana. Atarudi tupu, ni kweli, na tutalipa kidogo zaidi. Lakini yeye hatangoja tena parkingi, na mafuta yetu hayatarudishwa.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

1. Mara ya mwisho tulipopakia, nani aliuliza gari ilibebaka nini?
2. Koperative gani jirani inaweza kupakia pamoja nasi siku moja?
3. Karatasi zetu za kupakia zinawekwa na nani?