Geuza Kopo Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo, mteja huoneshwa kwanza upande wa mbele wa kopo: uso mwororo na ahadi ya kung'aa baada ya siku chache. Mimi huanza na upande wa nyuma. Huko ndiko viambato huandikwa, na krimu isiyotaja viambato vyake hurudi rafuni hapo hapo, hata muuzaji aape vipi.

Adui wa kwanza wa kutafuta ni zebaki. Huizuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayoikinga na jua, ndiyo maana mtumiaji huona weupe haraka. Lakini haibaki usoni. Hupenya mwilini na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia hadi mtoto aliye tumboni. Mvuke wake huvutwa na wengine nyumbani. Taulo na foronya nazo hubeba mabaki yake.

Kwenye lebo huandikwa kwa majina mengi: Calomel, Mercurous chloride, Ammoniated mercury, Mercurio, au herufi Hg tu. Na hata jina likifichwa, kopo huweza kujisema lenyewe. Soma maonyo. Ukikuta mtumiaji anakatazwa kugusisha krimu na dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira, achana nayo. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua sababu: zebaki hushikamana na dhahabu, nao huitumia kuinasa kutoka kwenye mchanga. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ulioumizwa vibaya na zebaki, ulizitaka nchi wanachama ziache kuzalisha na kuagiza krimu hizi ifikapo 2020. Bado zinauzwa.

Haidrokwinoni, inayoandikwa Hydroquinone, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka kirahisi. Clobetasol na Betamethasone ni steroidi, dawa za hospitali, za pumu ya ngozi na maradhi mengine. Zikipakwa kila siku kwa ajili ya weupe huifanya ngozi iwe nyembamba, ichanike michirizi, na kidonda kichelewe kupona.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua, ndio wa kuogopwa zaidi. Hauna lebo ya kugeuza. Anayeuchanganya saluni mara nyingi hajui kilichomo ndani ya makopo anayoyachanganya, na anayepakwa anajua kidogo zaidi.

Tabia hiyo ya kuchanganya tuiache hata chooni. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, fungua dirisha.

Kwa Tanzania, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019. Ukiona bidhaa ya kutilia shaka, wapelekee taarifa.

Na kama umekwisha kuitumia krimu ya namna hii, nenda hospitali na kopo lako mkononi. Zebaki hupimwa kwenye mkojo. Aliyezoea krimu za steroidi aongozwe na daktari, kwa kuwa kuziacha ghafla huweza kuufanya uso uvimbe na kuwaka. Kopo lenyewe lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na usilichome moto: joto huigeuza zebaki kuwa mvuke, na kila aliye karibu atauvuta.