Kilo Zako Ndizo Kipimo Chako

Wadogo zangu, swali ni lile lile kila nikifungua barua zenu: "Dada, nataka nguvu, lakini sitaki kujaa kama baunsa." Leo tulimalize, maana hofu hii inawafunga wengi kwenye vidude vya kilo mbili mwaka mzima.

Mwili haujai kwa bahati mbaya. Kujaa kunataka chakula kingi, seti nyingi na miaka ya kazi. Nguvu ina njia yake nyingine: ukibeba uzito mkubwa mara chache, mishipa ya fahamu hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Misuli ni ile ile uliyonayo, ila sasa inaitika yote. Ndiyo maana kuna wadada wembamba wanaonyanyua vyuma vya kutisha.

Mwangalieni Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alishindana daraja la kilo 55 na akapandisha kilo 127 juu ya kichwa. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mwili wake, na ndiyo iliyoipatia nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Mwaka mmoja kabla, korona ilimkwamisha Malaysia, akawa anajifua kwa kutundika chupa kubwa za maji kwenye mwanzi. Anayeniambia mtaani kwao hakuna jimu, namwelekeza kwa huyo.

Basi tuanze na chuma kirefu. Kile cha wanawake kina kilo 15 kabla hujaweka sahani, cha wanaume 20. Kama una kilo 60, lengo lako la kwanza ni kuziinua kilo 60 kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka. Simama chuma kikiwa juu ya kamba za viatu. Shuka ukikishika hadi miundi iguse chuma, vuta pumzi ijae tumboni, kaza kwapa, kisha isukume sakafu kwa miguu. Chuma kipande kikiwa karibu kabisa na miguu. Kikienda mbele hata kidogo, kiuno ndicho kinacholipa. Vueni raba zenye soli laini. Peku ni bora kuliko hizo.

Piga marudio matano, seti tatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Katikati ya seti pumzika dakika tatu nzima. Najua mnaona aibu kukaa kwenye benchi huku wengine wanachuruzika jasho, lakini nguvu haipimwi kwa jasho. Ishia pale unapohisi ungeweza kurudia mara moja au mbili zaidi. Wiki ikienda vizuri, ongeza kilo mbili na nusu, si kumi. Ukishazizoea kilo zako, tafuta mara moja na nusu ya uzito wako.

Ketibeli, kile chuma cha mviringo chenye mshikio juu, nayo ina kazi yake. Zile za 16, 24 na 32 zinafuata kipimo cha zamani cha Warusi, lakini wewe anza na 8 au 12. Kosa ninaloliona kila mahali wakati wa kuibembeza ni kuinyanyua kwa mikono na kuchuchumaa. Hapana, dada. Sukuma makalio nyuma, ipitishe katikati ya mapaja, halafu simama kwa nguvu huku umebana makalio. Mikono ni kamba tu. Piga kumi, pumzika, rudia.

Na tafadhali msijinyime chakula ili uzito ushuke na hesabu ipendeze. Ukipungua kwa njaa, chuma nacho kitakukataa. Maharage, dagaa, mayai na usingizi wa kutosha vinakutosha kabisa. Hayo makopo ya unga wa bei mbaya si lazima.

Mwenye presha, mjamzito au aliyejifungua karibuni amuone daktari kwanza.

Waliobaki, mkiniandikia tena, mniambie mnanyanyua kilo ngapi na nyinyi wenyewe mna kilo ngapi. Namba moja bila nyingine sitaweza kuwajibu.