Kijana wa Kipili na Vyombo vya Habari: Redio, Magazeti na Suala la Mlengwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya redio na magazeti ya vijana wa umri wa shule kwa kuitazama kutoka Kipili, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Tumeichagua Kipili kwa sababu ya umbali wake na mitambo ya uchapaji na utangazaji. Hoja yetu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kijana wa mwambao wa Ufipa alikuwa msomaji na msikilizaji wa pembeni, yaani aliyapokea maneno yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wengine. Hali hiyo, kwa maoni yetu, inahusiana pia na neno lenyewe "kijana".

2.0 Upana wa Neno "Kijana"

"Kijana" lina mzizi ule ule wa "mwana", lakini matumizi yake yamepanuka mno. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa mujibu wa kipimo hicho, gazeti "la vijana" laweza kumlenga mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na laweza vilevile kumlenga baba wa watoto watatu. Istilahi "vijana balehe" inajaribu kuziba pengo hilo. Hata hivyo ina harufu ya zahanati, na ni vigumu kumsikia kijana mwenyewe akijiita hivyo.

3.0 Magazeti

Gazeti la Kiswahili lilizaliwa karibu sana na darasa. Msimulizi lilianza mwaka 1888 katika shule ya misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja, na Kiongozi la kwanza lilitoka katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, liliendeleza uhusiano huo. Hata hivyo sauti iliyotawala katika kurasa hizo ilikuwa ya mwalimu na karani, nao walimwona mwanafunzi kuwa mtu wa kufunzwa.

Kwa upande wa magharibi, Wamisionari wa Afrika, waliopokea kituo cha Karema mwaka 1885, walikuwa na kiwanda chao cha uchapaji Tabora. Humo ndimo lilimotoka Kiongozi la Kikatoliki, lililoanza mwaka 1950 na ambalo halina uhusiano na lile la Tanga. Baada ya uhuru, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotekelezwa kufikia mwaka 1977, uliongeza wasomaji wachanga kwa kasi ambayo magazeti hayakuweza kuifuata. Shule ilimfundisha mtoto kusoma, kisha ikamwacha bila cha kusoma. Hili, yamkini, ndilo pengo kubwa kuliko yote katika historia tunayoijadili.

4.0 Redio

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kuanzia mwaka 1965 kituo kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Vijana hawakuwa walengwa. Lakini redio haina mlango: sauti iliyomlenga baba ilimfikia pia mtoto aliyekaa karibu. Watoto walikuwa na Mama na Mwana, kipindi kilichosimuliwa na Debora Mwenda. Aliyeivuka hadithi ya fisi na sungura, bila kuwa bado mkuu wa kaya, alibaki na vipindi vya salamu. Wanaoviona vipindi hivyo kuwa upuuzi wanasahau kwamba kadi ya salamu ilimwezesha mtu wa kijijini kusikia jina lake likitamkwa mbele ya taifa zima.

5.0 Baada ya 1993

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilimaliza ukiritimba wa dola. Mwaka huohuo ulianza mchezo wa redio Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Femina Hip, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilileta jarida la Fema lililogawiwa bure katika shule za sekondari, na mwaka 2003 likafuata Si Mchezo! kwa ajili ya vijana wa vijijini walio nje ya shule. Hapa ndipo mlengwa alipobainishwa waziwazi: picha, mazungumzo mafupi na lugha ya mtaani vilichukua nafasi ya mawaidha.

Redio za mikoani nazo zilikuja, mathalani Radio Chemchemi ya Sumbawanga, inayomilikiwa na jimbo Katoliki. Lakini mawimbi ya FM husafiri takribani kwa mstari ulionyooka. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kipili iko ufukweni karibu na mita 770, na katikati pana ukingo wa Bonde la Ufa. Masafa mafupi ya Dar es Salaam yaliweza kuruka milima ambayo FM ya jirani huizuia jiografia. Redio ya "mahali" yaweza kuwa mbali kuliko redio ya taifa. Upande wa magharibi ni ziwa hadi Kongo, ambako Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine. Mtafiti wa isimujamii atakayeketi ufukweni na redio ya mkononi, akiandika kila kituo kinachosikika saa za jioni na kila neno ambalo vijana wanaliiga, atakuwa na data ambayo ramani za utangazaji haziwezi kumpa.