Mwenda Tezi na Omo: Wataalamu Wetu Walio Ughaibuni

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilijadili hoja isemayo: "Msomi anayekwenda kufanya kazi ng'ambo ameisaliti nchi yake." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na tukashinda kwa makofi. Lakini usiku ule bwenini mwenzangu akaniuliza, "Na wewe ukipata nafasi, utakataa?" Nikajifanya nimelala. Makala haya ndiyo jibu nililomnyima.

MAANA YA MANENO
Ughaibuni ni neno litokanalo na ghaibu, yaani hali ya kutokuwepo au kutoonekana. Hata hivyo, kusoma kitu kwa ghaibu ni kukisoma bila ya kutazama kitabu, kwa kuwa kimo moyoni. Hivyo aliye ghaibu hayuko machoni, ila aweza kuwa moyoni.

Wahenga nao walinena: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, omo ni ya mbele, na ngama ni kule ndani chini ambako maji hukusanyika ili yatolewe. Baharia azunguke atakavyo, mwishowe hurudi pale. Methali hii hutumiwa kusema kuwa aendaye mbali hatimaye hurejea kwao. Sawa, lakini akirejea anakuta nini?

PESA NA UJUZI
Wengi wetu tukitajiwa Wakenya walio nje hufikiria pesa. Si makosa. Mwaka 2024 walituma nyumbani dola za Marekani zipatazo bilioni 4.9, kiasi kinachopita mapato ya nchi kutokana na majani chai. Pesa hizo si mchezo. Ndizo karo, ndizo dawa za nyanya, ndizo mabati ya nyumba. Lakini pesa ikishalipa karo imekwisha. Ujuzi haupungui hivyo. Daktari akimfundisha mwenzake upasuaji, yeye mwenyewe hapungukiwi na kitu, na yule wa pili atamfundisha wa tatu. Shida ni kwamba pesa ina njia yake: mtu anabonyeza simu, zinafika. Ujuzi hauna M-Pesa.

ALIYEREJEA AKAKUTA NAFASI IMEJAA
Tumtazame Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda Marekani katika safari zile za wanafunzi ambazo Tom Mboya alikuwa mstari wa mbele kuzipanga. Alisomea biolojia Kansas, kisha Pittsburgh. Mwaka 1966 akarudi Nairobi akiwa ameahidiwa kazi ya utafiti katika chuo kikuu. Alipofika akaambiwa kazi ile imepewa mtu mwingine! Kama angepanda ndege akarudi alikotoka, huenda leo tungemhesabu miongoni mwa wasaliti. Alivumilia, akapata kazi katika idara nyingine chini ya profesa Mjerumani. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hebu jiulize, ni wangapi waliopokewa vivyo hivyo ambao hawakuwa na moyo mgumu kama wake?

WALIOTAYARISHA MAHALI
Sasa twende Taiwan, kisiwa ambacho nacho kililia kilio hiki. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi waliokwenda kusoma Marekani hawakurudi. Serikali haikukaa ikiwalaumu tu. Mwaka 1980 ilifungua eneo la viwanda vya sayansi huko Hsinchu, karibu na vyuo vikuu viwili na taasisi kubwa ya utafiti. Mwaka 1983 ikaanzishwa shule katika eneo hilo, yenye masomo ya lugha mbili kwa watoto wa waliorejea, maana walikuwa wamezoea kusoma kwa Kiingereza. Mwaka 1985 serikali ikamwalika Morris Chang aiongoze taasisi ile ya utafiti. Alikuwa mhandisi aliyezaliwa China bara na kufanya kazi Marekani miaka mingi. Mwaka 1987 akaanzisha kampuni ya TSMC, serikali ikitoa karibu nusu ya mtaji. Leo simu na kompyuta nyingi duniani hutumia chipu zilizotengenezwa na kampuni hiyo.

Angalia jinsi walivyopanga mambo yao: walitayarisha mahali kwanza, ndipo wakaita watu. Kwetu aghalabu mgeni huitwa na sufuria haijawekwa jikoni.

SI LAZIMA ARUDI NA MASANDUKU YOTE
Fauka ya hayo, ziko njia nyingine. Mwaka 1977 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianzisha nchini Uturuki mpango wa kuwaleta wataalamu nyumbani kwa muda mfupi, wafundishe kisha warejee kazini kwao. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi. Naye Profesa Calestous Juma, mzaliwa wa Budalangi, alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard huku akiushauri Umoja wa Afrika kuhusu sayansi na teknolojia, hadi alipofariki mwaka 2017.

Kwa hivyo daktari akija likizoni akawapasua wagonjwa kumi peke yake, tutamshukuru. Lakini akiwapasua watano huku madaktari vijana wawili wa hapa wanajifunza kando yake, akiondoka ataacha kitu.

LILILOBAKI
Kenya imepiga hatua. Katiba ya mwaka 2010 iliruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuchukua uraia wa nchi nyingine bila ya kupoteza wa kwao. Tangu mwaka 2022 pia tuna idara ya serikali inayoshughulikia Wakenya walio nje. Yaliyobaki ni madogo kuyataja, makubwa kuyatenda: barua ya mtaalamu ijibiwe, nafasi aliyoahidiwa aikute, vyeti vyake vikaguliwe bila ya kuzungushwa.

Sisi jamaa nasi tuna kosa letu. Mjomba akija Disemba tunamzunguka, "Umetuletea nini?" Hakuna amwulizaye, "Mjomba, unajua nini? Tufundishe."

Basi, rafiki yangu wa bwenini, jibu langu ni hili. Nikipata nafasi nitakwenda. Na hoja niliyoitetea ukumbini naifuta mbele yako. Ila nikirudi na ujuzi wangu, tafadhali nisikute kiti kimekaliwa.

ZOEZI
1. Eleza tofauti kati ya ughaibuni na kwa ghaibu.
2. Taja mambo mawili yaliyofanywa Taiwan kabla ya Morris Chang kualikwa.
3. "Ujuzi hauna M-Pesa." Mwandishi ana maana gani?
4. Mwandikie barua jamaa yako aliye ng'ambo ukimwomba akufundishe jambo moja. Usimwombe pesa.