Ukikamatwa Ugenini, Una Haki ya Kuita Ubalozi Wako

Mwanafunzi anayeondoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kusoma Moscow, Delhi au Guangzhou huagwa kwa nasaha nyingi: tunza pasipoti, usitembee usiku, chagua marafiki. Ni nasaha njema, ila zote zinahusu kuepuka balaa. Ni wachache wanaoambiwa la kufanya balaa likishafika, mlango wa mahabusu umefungwa na askari anauliza maswali kwa lugha ambayo kijana anaielewa nusunusu. Katika saa hizo, kinga kubwa ya kisheria aliyonayo ni haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Haki hiyo humfaa zaidi aliyeijua kabla ya kupanda ndege.

Haki hii imo katika Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, ambao zaidi ya nchi 180 zimejiunga nao, zikiwamo Urusi, India, China, Uingereza na Marekani. Wanaomkamata mgeni wanatakiwa wamweleze bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Akiomba, wanalazimika kuujulisha, na barua anayouandikia wanalazimika kuifikisha. Ofisa wa ubalozi naye ana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Ila kwa kawaida mkataba unasubiri mwenyewe aombe, na anayenyamaza kwa kutojua anaweza kukaa ndani siku nyingi bila mtu wa kwao kujua aliko.

Kuna atakayesema kwamba mikataba ya kimataifa ni maandishi tu, na polisi wa mtaani hana habari nayo. Ni kweli kwamba huvunjwa. Hata hivyo ina meno mahakamani, na mfano ulio karibu nasi ni wa Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea aliyekamatwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1995 na kufukuzwa nchini humo mwanzoni mwa 1996. Guinea iliishitaki Kongo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kongo ilidai kwamba Diallo alielezwa haki yake kwa mdomo, lakini haikuleta ushahidi, na hukumu ya mwaka 2010 ikaukataa utetezi huo. Mahakama ilisema ni juu ya wanaokamata kumweleza mtu haki yake bila kungoja kuulizwa, na kwamba ukimya wa aliyekamatwa si kisingizio. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa fidia ya dola 95,000 kwa jinsi ilivyomtendea. Kwa kuwa ubishi ulikuwa juu ya ushahidi, mwanafunzi na atamke ombi lake waziwazi, mbele ya zaidi ya mtu mmoja ikiwezekana, na akipewa kalamu aliandike pamoja na tarehe na saa.

Uraia nao hubadilisha mambo. Marekani ina orodha ya nchi ambazo, kwa makubaliano ya ziada, balozi zao lazima zijulishwe raia wao akikamatwa Marekani, atake asitake. Tanzania imo, Kenya haimo. Wanafunzi wawili wa chumba kimoja cha bweni wakikamatwa huko usiku mmoja, wa Tanzania ubalozi wake unapaswa kujulishwa hata akikataa, na wa Kenya ni mpaka aombe.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanafunzi wenyewe: ubalozi utanifanyia nini? Hauwezi kumtoa mtu jela kwa amri yake, hauna wajibu wa kumlipia faini, wala ofisa wake si wakili wa kumtetea kortini. Ni kweli, na ni vizuri kuyajua hayo mapema. Lakini anayeshikiliwa ugenini anamhitaji kwanza mtu asiye chini ya amri ya wanaomshikilia: wa kuwaarifu wazazi, wa kuuliza kwa nini hajafikishwa mahakamani, wa kuona kama amepigwa. Januari 2023 serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha kijana aliyekwenda Moscow kusoma shahada ya uzamili, akafungwa mwaka 2022, kisha akakubali kwenda kupigana Ukraine na Wagner, kundi la mamluki wa Urusi, kwa ahadi ya kusamehewa kifungo. Mfungwa anayepewa karatasi ya kufa na kupona anastahili ushauri wa mtu asiyefaidika na saini yake.

Wengine hunyamaza kwa aibu, wakihofia habari zisifike nyumbani. Aibu inaeleweka, lakini inamwacha mtu peke yake wakati maelezo anayoyatoa ndiyo yatakayosomwa mahakamani. Mwenye sababu ya kweli ya kuukwepa ubalozi ni yule anayekimbia dhuluma ya serikali yake. Huyo mkataba haumlazimishi kuomba, bali amtafute wakili na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Basi kabla ya safari, ulizia ni ubalozi upi unaohudumia nchi unayokwenda, maana nchi zetu hazina ubalozi kila mahali na huenda ofisi iko nchi jirani. Ukifika, jiandikishe. Namba yake iandike kwenye karatasi, kwa kuwa simu huweza kuchukuliwa mapema. Nakala za pasipoti na viza ziache kwa mzazi pamoja na namba hiyo, kwa sababu ndugu naye anaweza kuupigia ubalozi. Kisha jifunze kwa lugha ya huko: «Mimi ni raia wa Tanzania. Naomba ubalozi wetu ujulishwe sasa. Naomba mkalimani. Sitatia saini nisichokielewa.» Mzazi aliyehangaika kutafuta ada na nauli asimuage mwanawe kabla hajamsikia akizitamka sentensi hizo nne bila kusoma.