Sufuria Ndogo ya Umeme na Chakula cha Nyumba

Soma kwanza: 2 Wafalme 4:38-41

Habari hii ya Elisha ni ya wakati wa njaa huko Gilgali. Mtu mmoja alitoka kwenda shambani kutafuta mboga. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka wenzake wapate kula. Lakini alichuma matunda ya mwitu asiyoyajua, akayakata, akayatia chunguni, na chakula cha watu wote kikaharibika. Nia yake ilikuwa njema, ila alikosa maarifa. Bwana akawaponya kwa mkono wa mtumishi wake.

Shikeni neno hili moja katika somo letu: chungu chema hakitoshi, wala nia njema haitoshi. Yafaa mama na baba wajue kinachoingia chunguni, na muda ambao chakula kitakaa humo.

CHOMBO HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Siku hizi katika miji yenye umeme, kama Bukavu, Goma na Lubumbashi, nyumba nyingine zina sufuria ndogo ya umeme ya kupikia mchele. Si jambo jipya duniani. Kampuni ya Toshiba katika nchi ya Japani ilianza kuuza sufuria kama hiyo, inayojizima yenyewe, mwaka 1955.

Ndani yake mna sufuria nyepesi inayotoka. Chini ya hiyo kuna sahani ya chuma inayopata moto kwa umeme. Juu kuna kifuniko, na mbele kuna kitufe. Inafanyaje kazi? Maji yakiisha kuanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Pwani ya bahari maji huchemka kwenye joto la digri 100. Bukavu na Goma, ambako nchi iko juu kwa metre 1,500 hivi, huchemka kwenye digri 95 hivi. Mchele ukiisha kunywa maji yote, joto la sufuria hupanda upesi. Hapo kidude kilicho chini husikia joto hilo, kitufe kinaruka, na moto mkubwa unakoma. Sufuria nyingi hubaki na joto dogo la kulinda chakula.

Basi fahamuni: sufuria hii haijui kama chakula kimeiva, wala kama kinafaa mtoto. Inajua tu kwamba maji yamekwisha. Kazi ya kufikiri bado ni ya mpishi.

FAIDA YAKE

Moshi wa kuni na wa makala huumiza macho na kifua. Mtoto anayebebwa mgongoni jikoni anauvuta pamoja na mama yake, na moshi huo unasaidia ugonjwa wa mapafu kuwashika watoto wadogo. Tena mbabula yenye makala, ikiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa, inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala, wasiamke. Sufuria ya umeme haina moshi wala hewa hiyo.

Wala haili umeme mwingi. Sufuria ndogo yenye nguvu ya wati 400, ikipika kwa nusu saa, inatumia sehemu moja tu katika tano ya kilowati-saa. Na makala unayoacha kununua ni miti inayobaki imesimama msituni.

HATARI YA KWANZA: MCHELE MTUPU

Kwa sababu sufuria hii ni rahisi, mama aliyechoka anaweza kupika mchele mtupu asubuhi, na mchele mtupu jioni, leo na kesho. Mtoto anashiba. Lakini kushiba si kulishwa.

Katika Kivu twaujua ugonjwa unaoitwa bwaki. Miguu ya mtoto inavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uso unavimba pia. Nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka upesi, ngozi inabanduka, mtoto hataki kucheza, hata kula hataki. Wazazi wakimleta hospitali, mara nyingi husema: «Lakini anakula kila siku!» Ndiyo, anakula, lakini anakula chakula cha namna moja tu. Mchele, bukari na mihogo huleta nguvu. Mwili wa mtoto unataka pia vyakula vya kuujenga: maharagi, karanga, soya, samaki, mayai, nyama, maziwa. Unataka tena mboga na matunda ya kuulinda. Ukiona miguu ya mtoto imevimba, usingoje, usitafute dawa ya kunywesha nyumbani. Umlete hospitali siku ile ile.

NAMNA YA KUPIKA CHAKULA KAMILI

Hiki ni chakula kimoja kinachoweza kupikwa chote ndani ya sufuria ndogo:

1. Chukua vikombe viwili vya mchele. Ondoa mawe na takataka, uoshe mara mbili kwa maji safi.

2. Osha vizuri ndagala au sambaza waliokauka, kiasi cha mikono miwili iliyojaa. Ondoa mchanga wote.

3. Twanga karanga zilizokaangwa, mkono mmoja. Karanga zenye ukungu au uchungu tupa, maana zina sumu inayoharibu ini.

4. Tia sufuriani mchele, samaki, karanga, kitunguu na tomati zilizokatwa, chumvi kidogo, na kijiko kimoja cha mafuta ya mawese. Mafuta mekundu ya mawese yana vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

5. Ongeza vikombe vitatu na nusu vya maji, ukipima kwa kikombe kile kile. Vyote pamoja visipite nusu ya sufuria, maana povu litamwagika juu ya umeme.

6. Pangusa sufuria ya ndani upande wa nje mpaka ikauke kabisa, ndipo uiweke mahali pake. Funika, chomeka, bonyeza kitufe.

7. Kitufe kikiruka, fungua kifuniko kwa upande usio wa uso wako. Tandaza juu lengalenga zilizooshwa na kukatwa vidogo sana. Funika tena, bonyeza kitufe. Kikikataa kushika, ngoja kidogo sufuria ipoe, ubonyeze tena. Kikiruka mara ya pili, acha dakika 10 bila kufungua. Mboga itaiva kwa mvuke.

Mtoto aliyetimiza miezi sita aanze kupewa chakula laini pamoja na maziwa ya mama. Na mama aendelee kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Mpikie uji mzito wa mchele, utie unga laini wa karanga au wa samaki mkavu, au yai, na uchemke vema. Uji humwagika upesi kuliko mchele, kwa hiyo tia kidogo tu na ukae karibu nao.

VYAKULA VISIVYOFAA SUFURIA HII

Sombe usiipike ndani yake. Majani ya mihogo yana sumu. Yapasa yatwangwe vizuri, kisha yachemke kwa muda mrefu bila kifuniko, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Kwa sombe, chungu kikubwa mahali penye hewa ndicho kinachofaa.

Maharagi makavu usiyatie pamoja na mchele. Mchele utaiva, kitufe kitaruka, na maharagi yatakuwa bado magumu. Maharagi mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuumwa tumbo. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe kwa nguvu katika maji mapya mpaka yawe laini kabisa. Katika milima yetu yanachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu maji yanachemka kwa joto dogo. Yakiisha kuiva, unaweza kuyachanganya na mchele wa siku ile.

HATARI YA PILI: CHAKULA KILICHOLALA

Mchele una vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivyo vina namna ya mbegu ambazo hazifi katika kuchemka. Mchele uliopikwa ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, vidudu vinaongezeka, na kutoa sumu. Mtu akila, anaweza kuanza kutapika kabla ya saa sita kupita. Sikilizeni vema: sumu hiyo ikiisha kuingia, kupasha chakula moto tena hakuiondoi. Harufu inaweza kuwa nzuri, na ladha nzuri pia.

Katika miji yetu umeme hukatika mara kwa mara. Sufuria iliyofungwa inabaki vuguvugu muda mrefu, na kwa vidudu hapo ni mahali pazuri pa kuzaana. Tena fikirini jambo hili: mama anapika mapema siku ya Bwana, anaacha chakula katika joto dogo, anakwenda kanisani. Nyuma yake umeme unakatika saa tatu, kisha unarudi. Akifika nyumbani anaona taa inawaka, anadhani yote ni salama. Hawezi kujua.

Kwa hiyo fuateni sheria hizi. Pika karibu na wakati wa kula. Siku ya ibada, tayarisha vitu vyako vikavu mapema, lakini chomeka sufuria ukiisha kurudi. Nusu saa haiui mtu kwa njaa. Umeme ukikatika chakula kikiwa kimeiva, kiliwe kabla ya saa mbili kupita. Ukikatika chakula kikiwa kibichi, usingoje: kimimine katika sufuria nyingine, ukimalize juu ya mbabula nje. Usiweke sufuria ya ndani juu ya makala. Itapindika, isikae tena vema mahali pake. Nyumba isiyo na friji isilaze mchele mpaka kesho.

Wengine watauliza: «Je, Bwana Yesu hakuwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki?» Ndiyo, nasi tusipende kutupa chakula, hasa siku hizi ambapo majirani wengi hawana. Dawa yake ni kupima. Hesabu vinywa kabla ya kupima mchele. Kikizidi, mpe jirani kingali moto. Kumpa mtoto chakula kilichoharibika ili tusipoteze franka chache si akiba. Dawa na siku za hospitali zina gharama kubwa kuliko kikombe cha mchele.

Mtoto akitapika na kuhara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na maziwa ya mama yasikome. Akishindwa kunywa, au akilegea, mlete hospitali mara moja.

HATARI YA TATU: UMEME NA MAJI YA MOTO

Usiguse prizi kwa mikono yenye maji, wala ukisimama pasipo viatu juu ya udongo uliolowa. Usiunganishe waya zilizo uchi. Usichomeke vyombo vingi katika prizi moja. Chombo cha nje kisitiwe majini kamwe. Kichomoe, kiache kipoe, ukipanguse kwa kitambaa. Sufuria isiwekwe chini, na waya usining'inie, maana mtoto anayetambaa atauvuta, chakula cha moto kitamwagika juu yake.

Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu, wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, uje hospitali.

KWA WASIO NA UMEME

Ndugu zetu wa vijijini wasihuzunike. Chakula kile kile, kikipikwa katika sufuria ya kawaida mahali penye hewa nzuri, kinajenga mwili sawasawa. Mafundisho ya mboga, ya samaki na ya chakula kilicholala ni ya nyumba zote.

Akina baba, msiseme somo hili ni la wanawake tu. Ninyi mara nyingi ndio mnaoshika fedha. Mkinunua sufuria ya umeme, msikose franka za ndagala na karanga za kutia ndani yake.

MAULIZO

1. Mtu aliyechuma matunda ya mwitu alikosa nini?
2. Kitufe kikiruka, kinatuonyesha nini? Kisichoweza kutuonyesha ni nini?
3. Taja vyakula vitatu vya kujenga mwili vinavyopatikana katika soko lenu.
4. Kwa nini kupasha moto mchele uliolala hakutoshi?
5. Katika nyumba yako, ni jambo gani utakalobadilisha wiki hii?

SALA

Bwana, twakushukuru kwa chakula na kwa akili uliyotupa. Utufundishe kuwalisha watoto wetu kwa hekima, na kumkumbuka jirani ambaye chungu chake ni kitupu. Katika jina la Yesu. Amina.