GRE kwa Wanafunzi wa Sanaa: Nguvu Zako Ziweke Wapi?



Ndugu zangu, wanaokaribia kuhitimu huniuliza: "Nataka kusoma uzamivu wa historia Marekani. Nipate alama ngapi za GRE?" Kabla ya kujibu huwaeleza kosa langu.

Nilipoomba mara ya kwanza, nilitumia miezi minne kufanya hesabu za GRE, na wiki moja tu kuandaa insha ya kuambatanisha. Alama zilikuja nzuri, lakini vyuo vyote vinne vilinikataa. Niliporudi kusoma masharti, nikakuta idara mbili kati ya hizo hazikuhitaji GRE kabisa. Ada ile, takriban dola 220, mama aliichanga kidogo kidogo. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Basi tuujue mtihani wenyewe. Una sehemu tatu: lugha na hesabu, kila moja alama 130 hadi 170, na uandishi, alama 0 hadi 6. Tangu Septemba 2023 unafanywa kwa muda usiozidi saa mbili. Matokeo hutumika kwa miaka mitano.

Katika historia, fasihi, falsafa au dini, idara zinazotazama alama hizi hujali zaidi lugha na uandishi kuliko hesabu. Alama mbaya zinaweza kutia shaka, lakini alama nzuri haziokoi insha dhaifu. Tena, tangu 2020 idara nyingi zimeacha kuudai mtihani huu. Usiuchanganye na TOEFL au IELTS, ambayo hupima Kiingereza tu.

Kinachoamua ni nini? Uzamivu ni miaka ya kutafiti na kuandika. Profesa anataka kuona kama unaweza kuuliza swali zuri, kusoma ushahidi na kujenga hoja. Hayo huyaona katika insha yako, katika maelezo ya utafiti unaokusudia, na katika barua za walimu wanaokufahamu. Huangalia pia lugha unazozisoma. Anayetaka kutafiti historia ya Uislamu, Kiarabu alichoanzia madrasa ni mtaji. Lakini aseme kweli amefika kiwango gani.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Soma masharti ya idara yenyewe, si ya chuo pekee. Usipoelewa, waandikie uwaulize.

2. GRE ikiwa haitakiwi, tunza fedha zako. Ikiwa ni hiari, fikiria gharama kwanza, na peleka alama zikiwa nzuri tu. Ikiwa ni lazima, anza na mitihani ya majaribio ya bure ya ETS.

3. Chagua insha yako bora, mpe mhadhiri aikosoe, kisha iandike upya, hata mara tatu.

4. Omba barua miezi miwili kabla. Mwalimu akikwambia ujiandikie yeye atie saini, mwombe kwa adabu aandike mwenyewe, nawe mpe kumbukumbu za kazi zako. Barua ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Mara ya pili niliianza insha mapema, na GRE sikuifanya. Nilipata nafasi, alhamdulillah. Tusali istikhara, tushauriane, tufanye sababu, kisha tumtegemee Allah. Na jasho la wazazi wetu tulitumie panapostahili.

Wabillahi tawfiq.